Mzee Ojwang: Uso ulioingia kila boma, jina lililobaki nje

MTU aliyekulia Ndithini katika miaka ya 1980 akitajiwa kipindi cha Vitimbi leo, jambo la kwanza kumjia akilini ni kofia. Kisha hukumbuka koti, ndevu zilizopakwa mvi za rangi, na lafudhi nzito ya Kijaluo iliyoifanya kila sentensi ya Kiswahili ichekeshe hata kabla ya maana yake kueleweka. Hukumbuka pia mwanamke aliyesimama mbele ya mzee huyo akiwa ameshika kiuno, asiyebabaika wala kudanganyika.

Akiulizwa kisa chenyewe kilihusu nini, hukwama. Akiulizwa jina halisi la mzee yule, wengi hukwama zaidi.

Jina lake lilikuwa Benson Wanjau. Alifariki Jumapili, Julai 12, 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, jijini Nairobi, baada ya kuugua nimonia. Alikuwa na umri wa miaka 78. Miaka mingi imepita tangu azikwe, lakini sura aliyoibeba katika runinga haijazikwa. Vipindi vya zamani vinapatikana tena katika intaneti, na watu wazima wenye watoto wao wanavitazama kwa mara ya pili. Wanagundua kwamba walichohifadhi kichwani kwa miaka yote hiyo kilikuwa nusu tu ya kitu chenyewe, na kwamba nusu iliyopotea ndiyo iliyomhusu Wanjau mwenyewe.

Kijana wa enzi ya hali ya hatari

Wanjau alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, katika jamii ya Wakikuyu. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 20, 1952, alikuwa mvulana anayeingia ujanani. Kizazi chake kilikua katikati ya vipande, misako na kambi za kizuizini, na kikaingia utu uzima nchi ilipokuwa ikikaribia uhuru wa 1963. Ni kizazi kilichojifunza mapema kwamba neno lililotamkwa vibaya mbele ya mtu asiyefaa lingeweza kumponza msemaji.

Runinga yenyewe ilikuwa ngeni nchini. Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, liliundwa mwaka wa 1961, na matangazo ya picha yakaanza mwaka uliofuata. Mnamo 1964 serikali mpya ililitwaa shirika hilo na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililojulikana zaidi kwa ufupisho wa VoK. Liliendelea kuitwa hivyo hadi 1989, liliporejeshewa jina lake la kwanza.

Vichekesho vya Kiswahili vilitangulia kupata makao redioni. Wachekeshaji kama Kipanga Athumani na Mzee Pembe walikuwa wamekwisha kuwazoesha Wakenya kucheka kwa lugha ambayo haikuwa ya kabila moja. Runinga ilipoanza kuenea, kazi iliyobaki ilikuwa kuipa sauti hiyo mwili: kofia, bakora, mwendo, jicho linalokodolewa kamera. Katika kazi hiyo Wanjau alipata nafasi yake.

Aliigiza katika vipindi kadhaa vya shirika hilo, vikiwemo Darubini, Vituko, Kinyonga na Vioja Mahakamani. Lakini Vitimbi ndicho kilichomfanya kuwa mtu wa kila nyumba. Humo alikuwa Mzee Ojwang Hatari, mume wa Mama Kayai, mhusika aliyeigizwa na Mary Khavere. Waliozungukwa na wawili hao nao walikuwa na majina yasiyosahaulika kwa urahisi: Othorong'ong'o Danger, Masanduku arap Simiti, Makokha. Jina la kipindi lilitoboa siri ya kila kisa kabla hakijaanza, kwa kuwa vitimbi ni hila na visa vya mtu anayejiona mjanja. Mzee Ojwang alijiona mjanja. Mama Kayai alijua ukweli.

Betri na usiku wa Ndithini

Ili kufahamu kwa nini kumbukumbu za Vitimbi ni za nusunusu, yafaa kuirejea hali ya vijiji vilivyokitazama.

Ndithini iko katika eneo la Masinga, Kaunti ya Machakos, nchi ya jua kali na mvua za kubahatisha. Katika eneo hilohilo, kwenye mto Tana, serikali ilikamilisha bwawa la Masinga mwaka wa 1981 pamoja na mitambo ya kuzalisha megawati 40 za umeme. Nguvu hizo zilisafiri juu ya nyaya ndefu kuelekea mijini. Wanavijiji wengi waliokaa karibu na maji hayo waliendelea kuwasha koroboi na taa za chemni kwa miongo mingi. Mradi wa serikali wa kuunganisha maboma ya mashambani na stima, uliojulikana kama Last Mile, haukuzinduliwa hadi 2015.

Kwa hivyo runinga ya kijijini, palipokuwa nayo, ilikuwa ya betri ya gari. Ilikuwa ndogo, isiyo na rangi, na ilikuwa mali ya mwalimu, mwenye duka au mtu aliyekuwa na mwana anayefanya kazi Nairobi. Betri ilibebwa kwa baiskeli au toroli hadi sokoni ikachajiwe, ikalipiwa, ikarudishwa. Nje ya nyumba kulisimamishwa mti mrefu wenye antena kichwani. Mtoto mmoja alitumwa kuugeuza taratibu huku waliokuwa ndani wakimwelekeza kwa kelele, hadi chenga zikapungua na uso ukaonekana.

Watazamaji walikuwa wengi kuliko viti. Watoto waliketi sakafuni, wazee wakakalia benchi, na wengine wakachungulia dirishani. Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya shuleni kwa watoto ambao nyumbani walizungumza Kikamba. Waliangua kicheko pale watu wazima walipocheka, mara nyingi bila kujua walichokicheka. Betri ilipochoka, picha ilianza kujikunja pembeni, ikawa ndogo, ikawa mstari, ikawa nukta. Kisa kikakatikia hapo. Mara nyingine mwenye runinga aliizima mwenyewe ili kubakiza nguvu za taarifa ya habari ya siku iliyofuata.

Majina ya waigizaji huandikwa mwishoni mwa kipindi. Huo ndio wakati ambapo runinga za betri zilizimwa na watoto wakatimuliwa waende kulala. Kwa nyumba nyingi, Benson Wanjau alikuwa anaanza kutajwa pale giza lilipoanza kuingia.

Kinachoonekana mara ya pili

Mtu mzima anayekitazama kipindi hicho tena kwenye simu yake hukumbana kwanza na mshangao wa udogo. Nyumba iliyokuwa kubwa akilini ni chumba cha studio chenye kuta nyepesi na viti vichache. Kamera haisogei sana. Mambo huenda polepole, na waigizaji hungojana. Kwa macho yaliyozoea picha za kasi za siku hizi, dakika za mwanzo zaweza kuchosha.

Baada ya hapo huja mshangao wa pili, nao ni mkubwa zaidi. Mambo aliyoyacheka mtoto siyo yanayomchekesha mtu mzima. Mtoto alicheka kofia na lafudhi. Mtu mzima humwona mwanamume wa makamo asiye na pesa za kutosha, anayejaribu kwa kila njia kuificha hali hiyo kwa mke, kwa marafiki na kwa nafsi yake. Hila zake huzaliwa na haya. Kila anapopandisha sauti, huwa amekwisha kushindwa. Anapojitapa kuhusu ukubwa wake katika nyumba, mtazamaji aliyewahi kudaiwa kodi au karo huijua sauti hiyo, kwa sababu ameisikia ikitoka kinywani mwake.

Hapo ndipo ustadi wa Wanjau unapoonekana. Hakutegemea maneno peke yake. Alijua kunyamaza. Alijua kumtazama mwenzake muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili, kisha kuuhamisha uso kama mtu aliyekumbuka deni. Lafudhi ilikuwa chambo. Kilichomnasa mtazamaji ni jinsi mhusika huyo alivyokataa kukiri kwamba mambo yamemharibikia.

Khavere naye huonekana upya. Katika kumbukumbu za wengi, Mama Kayai alikuwa mke mkali wa kumkemea mzee. Katika picha zenyewe yeye ndiye mhimili. Bila macho yake yasiyodanganyika, hila za Ojwang zisingekuwa na pa kugonga. Wawili hao waliigiza ndoa kwa miaka mingi kiasi kwamba Wakenya chungu nzima waliamini walikuwa mume na mke kweli. Hawakuwa. Kila mmoja alikuwa na maisha yake nje ya studio, na ndoa iliyojulikana na taifa zima iliishia pale taa za studio zilipozimwa.

Yapo pia mambo ambayo mtoto hangeweza kuyaona kwa kuwa hayakuwepo. VoK ilikuwa sauti ya serikali, katika nchi ambayo tangu 1982 ilikuwa ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Agosti 1 mwaka huohuo, wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali walikiteka kituo hicho cha utangazaji. Taarifa za habari zilianza na shughuli za Rais. Katika mazingira hayo, vichekesho vilijishughulisha na watu wadogo: mlevi, mdeni, mume mwongo, mshtakiwa wa kuku. Wakubwa hawakuguswa. Haikuwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 ambapo vijana wa kundi la Redykyulass, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, walisimama mbele ya kamera na kumuiga Rais Daniel arap Moi mwenyewe.

Kuwalaumu wakongwe kwa ukimya huo ni rahisi kwa mtu anayetazama leo. Lakini waliifanya kazi katika chumba ambacho milango yake haikuwa mikononi mwao. Walichoweza kufanya ni kumweka mbele ya taifa mtu wa kawaida na aibu zake, na kulifanya taifa limpende.

Mkikuyu aliyependwa kama Mjaluo

Jambo ambalo wengi hulisoma kwa mshtuko wanapotafuta habari za mwigizaji huyo ni asili yake. Kwa miaka na mikaka watazamaji walimhesabu kuwa Mjaluo. Jina la mhusika, lafudhi, mizaha, vyote viliwahakikishia hivyo. Ukweli kwamba alikuwa Mkikuyu, na kwamba Mama Kayai alikuwa Mluhya, uliwafikia wengine kwa kuchelewa sana.

Hakuwa peke yake katika mtindo huo. Gibson Gathu Mbugua, aliyefariki mwaka wa 2023, alijulikana kote nchini kama mwendesha mashtaka wa Vioja Mahakamani mwenye Kiswahili chenye ladha ya Ziwa Victoria. Naye pia watu wengi walimdhania Mjaluo.

Uigaji wa lafudhi una upande wake mchungu, na mtazamaji wa leo huuona kwa haraka kuliko wa zamani. Kicheko kinachotokana na jinsi mtu anavyotamka maneno kinaweza kugeuka dharau. Wakamba wanalifahamu hilo vyema, kwa sababu Kiswahili chao nacho kimekuwa mtaji wa wachekeshaji kwa muda mrefu. Mtoto wa Ndithini aliyecheka matamshi ya Ojwang jioni aliweza kuchekwa matamshi yake mwenyewe siku aliyoingia Nairobi kutafuta kazi.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kumwiga mtu ili kumshusha na kuingia ndani ya ngozi yake ili kukaa humo. Wanjau alikaa ndani ya Ojwang miongo kadhaa. Alimpa ndoa, marafiki, hasira, woga na huruma. Wajaluo wenyewe walimkubali kama wao. Mzaha wa siku moja hauwezi kufika huko; anayetaka kufika lazima asikilize kwa makini, siku baada ya siku, namna watu wa jamii nyingine wanavyopumua kati ya maneno.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika nchi ilipopasuka. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kupingwa, machafuko yaliyofuata yaliwaua watu 1,133 kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Katika maeneo mengi, jina la mtu na lafudhi yake vilitosha kuamua kama angevuka barabara akiwa hai. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Februari 28, 2008.

Katika miezi hiyo, mmoja wa Wajaluo mashuhuri zaidi katika runinga ya Kenya alikuwa Mkikuyu aitwaye Wanjau. Hakuna hotuba inayohitajika kufafanua maana ya hilo. Nyumba zilizokuwa zimemkaribisha sebuleni kwa robo karne hazikuwahi kumwomba kitambulisho.

Kanda na kabati

Mtu anayeingia mtandaoni kutafuta kisa fulani alichokiona utotoni hana hakika ya kukipata. Baadhi ya vipindi vipo, vingine ni vipande, vingine havionekani kabisa. Sababu si uzembe wa nchi moja. Kanda za picha zilikuwa ghali, zilichukua nafasi, na huharibika kwa joto na unyevu. Vituo vingi duniani vilifuta kipindi cha jana ili kurekodi cha kesho.

Hata BBC ya Uingereza, yenye uwezo mkubwa, ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960. Mfululizo wake maarufu wa Doctor Who ulipoteza sehemu nyingi sana kwa njia hiyo. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa kupotea kabisa zimepatikana katika kituo cha runinga mjini Jos, Nigeria, ambako filamu hizo zilikuwa zimekaa kwa miongo kadhaa. Watazamaji wa Uingereza wenye mvi walirudishiwa kipande cha utoto wao kutoka kwenye kabati la Afrika Magharibi.

Kisa hicho kina funzo kwa Kenya. Vitimbi, Vioja Mahakamani, Tushauriane, Fedheha na Tausi ndivyo vilivyowafundisha Wakenya wengi wa mashambani jinsi Kiswahili kinavyozungumzwa na watu wanaopendana, wanaogombana na wanaodanganyana, mbali na Kiswahili cha ubao na chaki. Kila kanda inayooza huondoka na sehemu ya kumbukumbu hiyo. Kilichowekwa mtandaoni, kiwe kimewekwa na shirika au na mtazamaji aliyerekodi nyumbani kwake, kimeokolewa kwa bahati.

Macho yaliyofifia

Umaarufu wa Wanjau haukuwa na uwiano na mfuko wake. Wasanii wa enzi yake walilalamika mara kwa mara hadharani kuhusu malipo duni, na kuhusu vipindi vyao kurudiwa hewani bila wao kufaidika. Hawakuwa na mikataba kama ya nyota wa siku hizi, wala makampuni yaliyopanga foleni kuwatumia katika matangazo. Mtu aliyetambuliwa na mamilioni aliweza kupanda matatu na kushukia mtaani kwake kama abiria mwingine yeyote, isipokuwa kwamba abiria wote walimjua na kumwita kwa jina ambalo halikuwa lake.

Katika miaka yake ya mwisho macho yalianza kumsaliti. Mwanamume aliyekuwa ametazamwa na taifa zima akawa hawezi kuona vyema. Alilazimika kuiacha kazi iliyomtambulisha. Habari za hali yake zilipoenea, Wakenya walianzisha mchango wa kugharimia matibabu ya macho yake. Wengi waliotuma pesa kwa simu walikuwa wale watoto wa sakafuni, sasa wakiwa na ajira na familia. Ulikuwa ukarimu wa kweli. Ulikuwa pia ungamo kwamba deni lilikuwepo, na kwamba halikuwa limelipwa kwa wakati wake.

Mwaka wa 2015 ulikuwa wa kufunga ukurasa kwa njia nyingi. Mapema mwaka huo mitambo ya analojia ilianza kuzimwa na nchi ikahamia matangazo ya dijitali. Runinga ndogo za betri zilizokuwa zimesalia mashambani zikageuka sanduku tupu kwa yeyote asiyekuwa na king'amuzi. Miti ya antena ikaachwa isimame bure, mingine ikageuzwa kuwa ya kuanikia nguo. Kabla ya mwaka kufika mwisho wake, katikati ya Julai, habari ikasambaa kwamba Mzee Ojwang amefariki.

Rais Uhuru Kenyatta alituma rambirambi. Magazeti na vituo vya redio vilitoa nafasi kubwa kwa wasifu wake. Ndipo kwa siku chache jina Benson Wanjau likaandikwa kwa herufi kubwa kuliko la mhusika wake. Alizikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi, na wenzake wa runinga wakiwa miongoni mwa waliomwomboleza, Mama Kayai akiwemo. Wapo Wakenya waliompa Khavere pole ya mjane, wakisahau, au bila kujua, kwamba alikuwa amempoteza mwenzake wa kazi.

Sehemu iliyobaki ya kisa

Ndithini ya leo si ile ya betri. Nyaya za stima zimefika katika maboma mengi ya mashambani, na pasipofika, paneli ndogo ya jua juu ya bati huwasha taa na kuchaji simu. Mtu hahitaji tena kumpigia mwalimu hodi ili atazame runinga. Picha inatoshea kiganjani.

Kwa hivyo kicheko kimebadilika. Zamani kilikuwa cha watu thelathini katika chumba kimoja, kikianzia benchi la wazee na kuporomoka hadi sakafuni kwa watoto. Leo mtu hucheka peke yake, kisha humtumia mwenzake kipande hicho aliye Mombasa, Doha au Minnesota. Wote wawili wamekulia mbele ya runinga ileile ya jirani, na katika dakika hizo chache chumba hujaa tena.

Kipindi kilichokatizwa na betri mwaka wa 1987 chaweza kutazamwa hadi mwisho. Mtu hugundua kwamba Ojwang hakuponyoka, kwamba Mama Kayai aliijua njama tangu mwanzo, na kwamba kisa alichokisimulia shuleni kwa miaka mingi alikimalizia kwa kubuni. Hakuna ubaya. Watoto wote wa enzi ile walimalizia visa kwa kubuni.

Baada ya hapo mtoto wa leo, aliyeketi kando akichungulia skrini ya mzazi wake, huuliza huyo mzee mwenye kofia ni nani. Mzazi hufungua kinywa kutoa jibu alilolizoea. Siku hizi lazima atoe majina mawili, na aanze na lile la Benson Wanjau.